Moja, Mkato, Nane

Héritier alifika Nyamianda, mtaa wa Uvira, siku ya Jumamosi, saa nane mchana. Hakutarajiwa kabla ya Jumapili, na Jumapili hakutakiwa kuja peke yake. Alitakiwa kuja na wazee wanne na mama yake, waketi kwenye viti vya plastiki ambavyo Tantine Amandine alikwisha kuvikodi, waseme lile waliloshuka kulisema kutoka Lemera. Aliposhuka kwenye pikipiki akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, daftari kubwa likiwa limefungwa begani kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, Bella alijua kwamba hakuja kwa habari za harusi.

Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu maziko ya mtoto wa dada yake. Alimkumbuka mwanamume mpana wa mabega, mwenye kucheka kabla ya kumaliza sentensi. Aliyesimama mlangoni alikuwa na shati lile lile, lakini kola ilimpwaya shingoni.

"Umekonda, Héri."

"Iko juu ya njia."

"Njia haikondeshi muntu."

"Basi njo minye najikondesha," alisema, na macho yao yakakutana kidogo, kisha yake yakahamia kwenye kompyuta iliyokuwa mapajani mwa Bella.

Tantine Amandine, dada ya baba yake Bella, alikuwa uani akiparua samaki wa mikeke walioletwa asubuhi kutoka Makobola kwa ajili ya wageni. Aliinua kisu.

"Mukwe! Siku ya kujitambulisha iko kesho. Weye unatangulia barua yako mwenyewe?"

"Nisamehe, Tantine. Nakuja kumuona Bella kwa kazi."

"Kazi! Bona hiyo. Siku ya mbele ya kujitambulisha muko na kazi." Akatupa magamba kwenye beseni. "Na mama yako? Angali anasema mutoto wetu anafanya kazi na watu hajawaona sura?"

"Amekubali kuja."

"Alisema nini, alipokubali?"

"Alisema: mwanamuke anayeweza kukaa siku nzima kusoma makosa ya watu bila kukasirika, pengine ataweza kuishi na minye."

Tantine alicheka hadi akashika kiuno. Héritier hakucheka, na Bella aliona hivyo.

Alichokisema mama Geneviève, mama yake Héritier, kilikuwa maelezo mazuri ya kazi yake kuliko yale Bella aliyokuwa akiwapa watu. Lanteri ilikuwa programu ya kuandikia wagonjwa na kupimia dawa, iliyotumika katika vituo vya afya vya nchi arobaini. Haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilitengenezwa na mamia ya watu wasiojuana, kila mmoja kwao, na yeyote aliyeona hitilafu aliruhusiwa kuiandikia taarifa. Taarifa zilifika mia sita kwa wiki. Watu kumi na mmoja walizipokea, wakazisoma, wakazijaribu, wakazipa alama, wakazipeleka kwa watengenezaji au wakazifunga. Bella alikuwa mmoja wao. Zilizoandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi zilikuwa zake. Alizitafsiri kwa Kiingereza, kwa sababu watengenezaji hawakusoma kingine.

Kila taarifa ilianza na maswali matatu. Ulifanya nini? Ulitarajia nini? Kilitokea nini?

Miaka miwili nyuma, muuguzi wa kituo kimoja cha milimani juu ya Lemera aliandika kuhusu kadi za chanjo zilizokuwa zikichapwa juu chini. Bella alimjibu. Akaandika tena, kuhusu jambo jingine. Baada ya taarifa ya saba alishuka Uvira, wakaonana, na kesho yake ilikuja taarifa ya nane. *Nilifanya: nilishuka kuchukua chanjo. Nilitarajia: kukuta mama wa miaka makumi tano mwenye lineti machoni. Kilitokea: sijalala.* Bella aliisoma mara nne, kisha akaipa alama ya kikazi, *Imethibitishwa*, na kuifunga kabla wenzake kumi hawajaiona.

Sasa Héritier aliketi kwenye ukingo wa baraza, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari.

"Lundi, kesho kutwa, wananiita mbele ya commission. Titulaire, mukubwa wa kituo, ameandika kama nilipima dawa vibaya. Kama sina jibu, blouse yangu ya uuguzi nitaiacha pale pale juu ya meza."

"Na Jolie?"

"Jolie hanisemeshi. Ananiwekea chakula, anaangalia ukuta."

Jolie alikuwa dada yake mkubwa. Alipoona mimba inataka kutoka kabla ya wakati, aliteremka kwa miguu saa tatu nzima hadi kituoni, akikipita kituo kingine njiani, kwa sababu mdogo wake alikuwa kule. Mtoto alizaliwa msichana. Hakuwa amepewa jina. Katika kompyuta aliandikwa *Mtoto wa Jolie*. Siku ya pili alipata homa. Héritier alimchoma sindano ile ambayo mashine ilimwambia, kwa kipimo ambacho mashine ilimwambia, asubuhi baada ya asubuhi. Siku ya sita alikufa.

"Nipe vipimo," Bella alisema. "Tutafanya kila kitu kama ulivyofanya weye siku ile."

Alisema hivyo kwa sauti ya kazi, kwa sababu sauti nyingine ingemshinda. Alifungua Lanteri katika kompyuta yake, akaandika mgonjwa wa kubuni, wa kike, siku mbili.

"Uzito?"

"Moja virgule nane."

Bella aliandika. Mashine ikajibu: miligramu tisa. Hesabu ilikuwa sahihi. Moyo wake ulizama, kwa kuwa hesabu sahihi ilikuwa hukumu juu ya Héritier.

"Imesema tisa, Héri. Na weye ulitoa ngapi?"

"Tano. Iliniambia tano. Angalia," na akafungua daftari, ambamo kila kitu kilinakiliwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu aliyefunzwa na masista. "Tano, tano, tano, tano."

"Rudia uzito."

"Moja virgule—" Alikuwa amejongea na sasa aliangalia kioo kutoka juu ya bega la Bella, karibu kiasi kwamba Bella alihisi pumzi yake sikioni. "Sasa weye, juu ya nini unaandika hivyo?"

"Hivyo namna gani?"

"Umetia point. Minye naandikaka virgule. Kila muntu anaandikaka virgule. Njo tulifundishwa."

Bella alitazama vidole vyake. Ni kweli. Alikuwa amesoma shule ile ile ya Kifaransa waliyosoma wote, na huko desimali hutanguliwa na mkato, ambao Uvira huuita *virgule*. Lakini miaka minne ya kuandika kwa Kiingereza kila siku ilikuwa imemfundisha nukta, na nukta ilikuwa imeingia vidoleni bila kumuomba ruhusa. Alisikia *virgule*, akaandika nukta.

Alifuta. Akaandika moja, mkato, nane.

Mashine ikajibu: miligramu tano.

Uani, kisu cha Tantine kiliendelea kuparua. Bella alijaribu moja, mkato, tisa. Tano. Mbili, mkato, nne. Kumi. Programu ilisoma tarakimu hadi ilipokutana na mkato, na hapo ilisimama, ikatupa kilichobaki bila kusema. Mtu mzima wa kilo hamsini na mbili na mkato na sita alipoteza sehemu sita tu kati ya kumi za kilo moja, na hakuna aliyejua. Mtoto wa kilo moja na mkato na nane alipoteza karibu nusu ya mwili wake.

"Njo ile!" Héritier alisimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa sauti yake. "Njo ile niliandika mu rapport! Mu mwezi wa kumi! Bella, si niliandika? Ule mutoto wa moja virgule kenda, niliona dozi iko kidogo, nikaangalia mu tableau ya dozi, ile ya karatasi, nikaona mashini inadanganya. Nikaandika!"

"Uliandika."

"Na wakafunga! Wakasema haiko na kosa!" Alikuwa akitembea huku na huku barazani. "Wale watu walisoma nini? Muntu anakwambia mashini inakula namba, weye unasema haiko na kosa? Bon. Minakwenda kule kwenye barabara, network iko muzuri, nimuite titulaire. Kisha nitamuita Jolie. Bella." Alisimama, akachukua mkono wake, akauweka kwenye shavu lake lenye vumbi. "Umeniokoa. Unasikia? Kesho tutakuja hapa, na lundi nitaenda kule nikiwa muntu."

Akatoka.

Bella alibaki na vumbi kiganjani. Aliitafuta taarifa ya mwezi wa kumi, 48117. Juu kulikuwa na tafsiri yake, kwa jina lake, ile ambayo watengenezaji waliisoma. Chini yake, imekunjwa kama kanuni ilivyotaka, yalikuwepo maneno ya mwandishi wa kwanza, ambayo hayakuruhusiwa kufutwa na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyakunjua. Aliyakunjua.

*Minaandika 1,9. Iko inahesabu kama 1.*

Juu, kwa mkono wake: *Muuguzi anapoandika 1.9, programu inahesabu kama 1.*

Watengenezaji wawili walikuwa wamejaribu 1.9 kwa uangalifu wote, wakapata jibu sahihi. Waliandika kwamba hitilafu haikurudiwa. Bella mwenyewe alijaribu 1.9, akapata jibu sahihi. Hakumwuliza Héritier yale maswali matatu, aliyomwuliza kila mgeni. Ilikuwa taarifa ya Héri, na za Héri alizielewa kabla ya kumaliza kuzisoma. Siku ya thelathini aliifunga kwa alama ya *Haikurudiwa*. Kisha alimpigia simu. Alikumbuka maneno aliyotumia: Mashini iko sawa. Sasisha, jaribu tena, kisha uiamini.

Héritier alisasisha. Alijaribu kwa mtoto aliyekuwepo siku hiyo, wa kilo tatu kamili. Mashine ilisoma tatu. Akairudisha kabatini ile tableau ya karatasi.

"Unalia?" Tantine alikuwa amesimama mbele yake, mikono ina magamba hadi kwenye viwiko. "Nimesikia anafurahi. Sasa machozi ya nini?"

"Minye njo nilibadilisha, Tantine. Yeye aliandika virgule. Minye nilitia dot."

"Dot?" Tantine alikunja uso. "Dot haijaongelewa bado. Dot iko mambo ya wazee, kesho. Wazungu wako wanaingilia nini?"

Siku nyingine Bella angecheka. Kwa Uvira dot ni mahari, na hakuna maana nyingine.

"Hapana. Ile point, kwa Kiingereza, njo inaitwa hivyo." Akamweleza polepole, kama angemweleza mtu wa commission. Tantine alisikiliza bila kumkatiza, na uso wake ukawa mzito kidogo kidogo.

"Nani anajua?"

"Hakuna."

"Na ile maandiko yako, ya juu, unaweza kuyasahihisha?"

"Naweza."

"Basi sahihisha. Kamukato kamoja. Ondoa ile dot, tia virgule, ufunge mashini. Mukwe amepata jibu lake. Wale wazungu watabeba kosa, hawatakufa, wako mbali. Kesho watu wanakula mikeke." Aliketi chini kando yake. "Mwanangu, minye niko na miaka makumi sita na mbili. Ndoa ngapi nimeona zimesimama juu ya neno moja halikusemwa? Nyingi. Tena nzuri."

"Mabadiliko yanabaki mu historia. Muntu akitafuta, ataona."

"Nani atatafuta? Umesema hata kukunjua hawakunjui."

Hilo lilikuwa kweli. Bella aliweka mshale juu ya nukta. Kati ya mia sita kwa wiki, nani angerudi kwenye 48117? Héritier angepata blouse yake. Yeye angempata Héritier. Na kila jioni ya maisha yake mtu huyu angeuweka mkono wa Bella kwenye shavu lake na kumwambia amemwokoa.

Aliuondoa mshale.

Héritier aliporudi alikuwa akitabasamu nusu. "Titulaire anasema niandike kila kitu, lundi atasoma. Jolie hajashika simu, lakini nimemuachia ujumbe." Aliona uso wake. "Nini?"

"Kaa."

"Nini, Bella?"

"Kaa, nikuonyeshe."

Hakukaa. Alisoma akiwa amesimama, ameinama, kidole chake kikifuata mistari kama wanavyosoma watu wa hospitali, kwanza maneno yake mwenyewe, kisha yale ya juu ambayo hakuyaelewa isipokuwa tarakimu. Tarakimu zilitosha. Kidole kilirudi chini, kikapanda tena.

"Hii ya juu ni ya nani?"

"Yangu."

"Hapana. Ni ya wale."

"Iko jina langu, Héri."

Alijiinua. Tantine alichukua beseni lake akaenda nyuma ya nyumba.

"Weye unaulizaka watu maswali matatu," Héritier alisema mwishoni. "Niulize. Hapana, acha. Minye njo nitauliza. Ulifanya nini?"

"Nilitafsiri haraka."

"Ulitarajia nini?"

"Nilitarajia..." Akaangalia zile tarakimu tena. "Sikutarajia kitu. Nilifikiri nakuelewa."

"Kilitokea nini?"

Bella alishusha kifuniko cha kompyuta.

"Sema. Unawalazimishaka wengine kusema. Kilitokea nini?"

"Mutoto alipata dozi ya nusu, siku nne."

"Njo alikufa juu ya hiyo?"

Bella alitamani uongo, wa upande wowote. "Hatutajua. Wa uzito ule wengine wanakufa hata na dozi nzima. Wengine wanapona."

"Hatutajua." Alilirudia neno kama mtu anayeonja maji yasiyo safi. "Weye unaweza kuishi na hatutajua. Uko hivyo, njo nilikupendea. Lakini Jolie anajua, Bella. Jolie aliteremka mulima na mimba juu ya minye niko kule. Na minye niliamini mashini juu ya weye umeniambia niamini. Kesho nimulete hapa, akae kwenye hizi viti, akuite wifi?"

"Ningeweza kunyamaza."

"Najua."

"Nilikuwa na mshale juu ya ile point, niifute."

"Najua, nimekwambia. Nakufahamu." Alilifunga daftari kwa ile tyubu, mara mbili, mara tatu. "Ungenyamaza ningekuoa, nisingejua nimeoa nini. Sasa najua, na siwezi."

"Nikiandika hii wazi, commission itakuachilia. Nitaandika leo, kwa jina langu."

"Andika." Alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Aligeuka, na yale macho, yaliyomkwepa tangu alipofika, yakakaa juu yake bila kuondoka. Hayakuwa na hasira, na Bella angechagua hasira. "Andika vizuri. Tia kila kitu pahali pake."

Pikipiki ilichelewa kuwaka. Bella alimsikia akiipiga teke mara tano.

Aliandika hadi saa kumi na moja jioni. Aliifungua tena 48117, akaondoa alama ya *Haikurudiwa*, akaweka ile ya hatari ya kwanza. Chini ya maswali matatu aliandika alichofanya, bila kivumishi hata kimoja: kwamba mwandishi wa taarifa aliripoti kwa usahihi, kwamba mtafsiri alibadilisha mkato kuwa nukta, kwamba hitilafu haikurudiwa kwa sababu hiyo tu, kwamba mtoto mmoja mwenye kilo 1,8 alipewa miligramu tano badala ya tisa kwa siku nne na akafa, na sababu ya kifo haikuthibitishwa. Alitia jina lake lote. Kisha akaomba aondolewe ruhusa ya kufunga taarifa zote isipokuwa hiyo moja.

Jumapili hakuna aliyekuja. Tantine alipanga viti tangu saa tatu, akavipangua saa tisa, akavibeba mwenyewe kuvirudisha, viwili viwili, akikataa kusaidiwa. Mikeke aliigawa kwa majirani, na aliyeuliza alimwambia kwamba wageni wamepata msiba.

Jumatatu commission ilisoma karatasi iliyochapwa kutoka kwenye taarifa, na Héritier akarudishiwa kazi. Bella alipata habari hiyo kwa muuguzi mwingine. Jumatano watengenezaji walimaliza marekebisho. Walimwandikia maneno mema. Mmoja alisema kosa lilikuwa lao, kwani programu inayotupa tarakimu bila kusema ingeua hata bila tafsiri. Pengine alikuwa sahihi. Bella alisoma, akashukuru, akaendelea na hatua iliyofuata, ambayo ilikuwa kumwomba mwandishi wa kwanza ajaribu toleo jipya na kuthibitisha.

Jibu lilikuja siku ya tano, kwenye taarifa, mahali ambapo watu wa nchi arobaini wangeweza kulisoma.

*Nimejaribu. 1,8 imebaki 1,8. Unaweza kufunga.*

Alitafsiri kwa Kiingereza. Aliacha mikato ilivyo.

Kanuni ilimruhusu mchambuzi kuiacha taarifa wazi siku thelathini baada ya uthibitisho, endapo mwandishi atakuwa na neno la kuongeza. Wenzake hawakuitumia kamwe. Walifunga siku hiyo hiyo. Bella aliiacha wazi siku thelathini. Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla jua halijaufikia ukuta wa baraza, aliifungua 48117 na kusoma hadi mstari wa mwisho, ule ule wa *Unaweza kufunga*.

Siku ya thelathini na moja aliifunga.